Mngoni wa Kukataliwa

Mliponiaga pale ofisini kwa keki na kanga, mliniomba niandike habari za kazi yangu ili ziwasaidie mnaoanza. Keki ilikuwa tamu na kanga naivaa, kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua maana ni huohuo mnaopata ninyi. Mimi ni mtu wa darasa la saba, nitaandika kama ninavyosema.

Nilianza kazi hii nikiwa mjane mpya. Mwenyekiti wa kijiji chetu, kule Mkumbi, milimani Mbinga, alipita nyumba kwa nyumba akitafuta wajane wanaojua kusoma na kuandika, ili wafundishwe kufanya utafiti kwa wajane wenzao. Nikamwuliza utafiti ni nini.

"Ni kuuliza maswali halafu unaondoka," akasema.

Nikaona hiyo naiweza. Mume wangu alikuwa amefariki kabla tu ya mvua kuanza, na watu waliokuwa wanakuja nyumbani kwangu waliuliza maswali na hawakuondoka.

Siku ya kwanza tulikutana kwenye ukumbi wa parokia. Ilikuwa Juni, ukungu unaingia mpaka ndani, sisi tumevaa makoti ya mtumba na vitenge juu yake. Mkufunzi wetu, Dada Rehema, mtafiti aliyekuwa ametoka Dar es Salaam, alikuja na viatu vya wazi. Meno yake yalikuwa yanagongana hata jina lake hatukulisikia vizuri. Nilimpa soksi nene za kiume nilizokuwa nazo kwenye mkoba. Hakuniuliza kwa nini natembea na soksi za kiume, nami sikumweleza. Alifundisha somo lake la kwanza akiwa nazo miguuni, na mpaka leo sijamdai.

Somo lenyewe lilikuwa ridhaa. Dada Rehema aliandika ubaoni kwamba kila mtu ana haki ya kukataa kuhojiwa. Tukainakili. Mama Kanisia, mjane mwenzetu aliyepanda kutoka Lituhi, kule ziwani, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Anamkataa nani?"

"Anakukataa wewe, mtafiti."

"Mimi niliyekuja kwake?"

"Ndiyo."

"Nimeshakaa?"

"Hata kama umeshakaa."

Mama Kanisia aliweka kalamu chini. "Labda huko mjini," alisema. "Huku mgeni hakataliwi. Atapikiwa."

Ukumbi mzima ukaitikia kwamba ni kweli. Dada Rehema akafikiri kidogo, akauliza: basi mtu wa huku asipotaka kitu anafanyaje? Mmoja akasema atakwambia uje kesho. Mwingine akasema atanyamaza. Hapo Dada Rehema akauliza kama kunyamaza maana yake ni kukubali.

"Mimi niliulizwa kama namtaka yule mwanamume," alisema Mama Kanisia. "Nikanyamaza. Kuja kushtuka nimeshaolewa."

Tulicheka mpaka baba paroko akachungulia. Maneno yale hayakuandikwa ubaoni, lakini kanuni ilizaliwa palepale na tuliitumia miaka yote niliyofanya kazi: mtu akinyamaza, hesabu ni hapana. Funga daftari.

Kuna mambo mengine tuliyojifunza ambayo nayaandika harakaharaka, maana hayamo kwenye mwongozo wenu uliochapishwa. Usikae mkabala na mtu kama hakimu. Kaa ubavuni, mchambue maharage pamoja, macho yake yawe na mahali pa kwenda. Ukihoji milimani usihojie nje, kwa sababu sauti inavuka bonde na mtu wa kilima cha pili atajibu swali lako kabla ya mwenyewe. Kinasa sauti kikae mbali na jogoo. Tunayo kanda moja nzima ambayo jogoo ameeleza maisha yake kwa ukamilifu, na mama wa watu anasikika kidogo tu mwishoni akisema ahsante. Na usimhoji mtu wa ukoo wako, hata akiomba. Sisi tulikuwa wajane tukiwauliza wajane, tulijua kidonda kiko wapi. Ndiyo maana tulitakiwa kuwa waangalifu kuliko wageni.

Tulipoingia vijijini, kila mtu alikubali. Kila mtu! Wenzangu walifurahi, mimi nikashuku. Pale Mbuji mama mmoja alisema karibu, akasema ndiyo, akatupikia, kisha kila swali lilipoulizwa alisimama kwenda kuangalia bata wake. Mtafiti wetu, mtu mwenye bidii sana, akamfuata na daftari mpaka bandani. Kule ziwani mwingine alikubali kwa furaha, akatukabidhi sahani ya usipa, dagaa wa ziwani, waliokaangwa, akashika njia ya kisimani na hakurudi. Tulikula, tukaosha sahani, tukaondoka. Mdomo ulikuwa umesema ndiyo na miguu imesema hapana, na fomu ya ridhaa haikuwa na nafasi ya miguu.

Sasa nimtaje Kosmas.

Kosmas alikuwa dereva wetu, Mngoni wa upande wa Songea, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kuona kilicho chini yake. Vijana wa siku hizi mnajua utani mnaourushiana kwenye simu. Sisemi huo. Wangoni na sisi Wamatengo ni watani tangu babu zao walipowafukuza babu zetu mpaka mapangoni, na mtani ana ruhusa ya kukutukana, na wewe kumrudishia, na hakuna anayepeleka kesi popote. Kosmas aliniita Mama Bosko Mchimba Mashimo, kwa sababu ya ngoro, yale mashimo tunayolima milimani ili mvua isibebe udongo. Nami nilimwambia kwamba Mngoni akiona jembe anauliza ni la nani, akiona pombe ya komoni inachachuka haulizi.

Jioni moja tulikuwa tunakula, Kosmas analalamika.

"Ninyi mnapikiwa kila nyumba," alisema. "Mimi leo nimeomba maji ya kunywa, yule bibi kaniambia kisima chake hakina maji ya Wangoni. Jana niliomba kigoda, nikaambiwa nikalie vita vya babu yangu. Mimi nakataliwa wilaya nzima!"

Dada Rehema aliacha tonge juu ya sahani. Tukatazamana, mimi na yeye. Sikumbuki nani alisema kwanza, na nisingependa kujipa sifa. Nadhani tulisema pamoja kwamba dawa yetu ni Kosmas.

Basi tukaanza kumfundisha Kosmas kuomba ridhaa. Mhojaji alibaki kuwa mjane, lakini wa kutangulia mlangoni alikuwa mtani, maana mtani anakataliwa kwa kicheko na hakuna anayeaibika. Dada Rehema hakukubali kirahisi. Aliuliza: je, mtu akisema ndiyo huku anatania? Tukakaa nalo siku kadhaa, tukatoka na kanuni nyingine: ndiyo ya utani si ndiyo, lazima mjane aulize tena taratibu, wakiwa wawili. Lakini hapana ya utani ni hapana, na hairudiwi. Mama Kanisia akauliza watu wa ziwani wasio watani wa Wangoni watafanyaje. Tukakubaliana kwamba huko atatangulia mtu wa kuitana naye bibi na mjukuu, maana bibi na mjukuu nao wanataniana.

Tuliweka siku nzima ya mazoezi ya kukataa. Kosmas alikaa mlangoni mwa ukumbi na daftari, wajane wakapita mmoja mmoja wamkatae. Wa kwanza alisema, "Hapana, baba, lakini karibu chai." Kosmas akamrudisha nyuma. Wa pili alikataa vizuri kisha akamletea kigoda. Akarudishwa. Mama Kanisia alipofika akasema hapana, akamgeuzia mgongo, akatoka nje, akapanda gari na kukataa kushuka. Tulimpa alama zote. Kuanzia siku ile idadi ya waliokataa vijijini ikaongezeka, nasi tukafurahi, jambo ambalo waliotutembelea kutoka mbali hawakulielewa upesi.

Sasa nifike Maguu, kwa Gaudensia. Nikisahauliwa kwa mengine yote, hili lisisahaulike.

Gaudensia alikuwa mjane kijana, ana watoto wadogo, na shamba la kahawa aliloachiwa na mumewe, lililopandwa vizuri mpaka chini kwenye kijito. Shemeji yake, kaka wa marehemu, aliitwa Mzee Alto, na nyumba zao ziligusana. Tulipofika tukaletewa viti, Gaudensia akaanza kumimina chai. Kahawa yote ilikuwa nje kwenye vitanda vya kuanikia. Sisi wenye kahawa tunakunywa chai, ndivyo tulivyo.

"Karibuni sana," alisema Mzee Alto, mwenye nyumba hajafungua mdomo. "Shemeji yangu atawaeleza kila kitu. Mimi nitakaa hapahapa, nimkumbushe akisahau."

Nikamwambia mahojiano ni ya watu wawili tu.

"Hakuna shida, mama. Ila mtaelewa, ninyi ni watu wazima. Kwenye ukoo wetu mke akianza kutoa habari za nyumba kwa wageni, tunajua kwao ni wapi. Anarudi kwao, kahawa inabaki. Na asiyetaka kuongea na wageni, nako tunajiuliza anaficha nini."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetangaza siku ya mnada. Birika la Gaudensia likatua kidogo kwenye ukingo wa kikombe, likagonga. Wote tulielewa. Akikubali, chochote atakachosema, hata kama ni bei ya chumvi, Mzee Alto atasema kimesemwa kingine, na mama ataondoka pale na watoto wake. Akikataa wageni kwa adabu, ataitwa mficha siri, na ataondoka vilevile. Na sisi ndio tuliokuwa tumemletea hilo mlangoni, tumekaa kwenye viti vyake.

Kosmas akasimama, akavua kofia nusu.

"Hodi, mama. Mimi ni Mngoni, lakini nimekuja kwa amani."

Gaudensia hakuinua uso. "Mngoni wa amani sijawahi kumwona," alisema.

"Nimekuja kuomba."

"Babu yako hakuomba, alichukua."

Mzee Alto akacheka. Kosmas akasoma maneno yetu, polepole, kama anavyosomewa mtu anayestahili: "Ushiriki ni wa hiari. Hulipwi ukikubali, hupungukiwi ukikataa. Unaweza kuacha katikati. Na ukinyamaza, tunahesabu ni hapana, tunafunga daftari. Unakubali?"

Gaudensia aliweka birika chini. Akashika kiuno. Nikaona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyeshika mlango akidhani umefungwa kwa kufuli, kumbe umerudishwa tu.

"Mngoni! Babu zako walimfukuza bibi yangu mpaka pangoni, akakaa humo anatafuna mizizi. Leo unakuja na gari kumwuliza mjukuu wake anaishije? Hapana! Ondoka na daftari lako! Habari zangu utazisikia siku utakayochimba ngoro kwa mkono wako, tena kwenye mteremko ule, tena hujanywa komoni!"

Mzee Alto alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Majirani walikuwa wamesogea, nao wakacheka. Kosmas aliinamisha kichwa, akaandika, akatamka kwa sauti ya ofisini: "Amekataa. Ahsante sana, mama." Akafunga daftari.

Mzee Alto akajifuta macho. "Haya, sasa mwulizeni kweli. Hapo alikuwa anatania."

"Kwetu sisi, mzee, hapana ya utani ni hapana," alisema Kosmas.

"Mimi nawaruhusu."

"Ruhusa yako tumeisikia, baba," nikasema. "Ila tulikuja kuomba ya kwake, na amekwisha jibu."

"Basi niulizeni mimi! Habari zake zote nazijua."

"Utafiti huu ni wa wajane, baba. Na wewe mkeo namwona pale anaanika mahindi."

Mkewe akageuka na ungo wake. "Alto! Unataka kunizika ili uhojiwe?"

Hapo hata watoto walicheka. Mzee Alto hakuwa na pa kwenda ila kwenye kikombe chake. Angesema nini kwenye ukoo? Kwamba shemeji yake amemtukana Mngoni? Hilo ni jambo la kupongezwa. Kwamba ametoa habari za nyumba? Kijiji kizima kilikuwa kimesikia akizinyima.

Hatukuondoka mara moja. Aliyekataa hakimbiwi kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza, na hilo nalo liandikeni. Nilikaa na Gaudensia kwenye kitanda cha kahawa, tukachambua. Akaniambia, "Mama Bosko, punje hiyo imetobolewa na mdudu, itoe." Nikaitoa. Hayo ndiyo maneno pekee aliyonipa siku ile. Sijui marehemu mumewe alikuwa mtu wa namna gani, sijui alizikwaje, sijui usiku wake ulikuwaje baada ya hapo. Wengi waliotuhoji kuhusu kazi yetu wamewahi kuniuliza habari ya mjane yule wa Maguu. Nawajibu kwamba habari yake ni hapana.

Baada ya hapo, kila tulipopita barabara ile Kosmas alipunguza mwendo. Tunatazama kama kuna moshi jikoni.

"Yupo," anasema.

"Yupo," najibu.

Msimu mmoja tulimwona mwenyewe, yumo katikati ya mikahawa, kikapu kiunoni. Akapaza sauti: "Mngoni! Umejifunza ngoro?"

"Bado, mama!"

"Basi endelea na safari!"

Kosmas alicheka mpaka Mbinga mjini. Miradi iliisha, mingine ikaja, Dada Rehema akaenda kufundisha kwingine na soksi zangu. Mimi na Kosmas tukabaki kufundisha kundi baada ya kundi: wakulima kuuliza wakulima, wachuuzi wa samaki kuuliza wachuuzi. Alikuwa mwalimu mzuri. Alikuwa anakaa mlangoni na daftari na kukataliwa kwa moyo wote.

Alifariki mwaka jana, kabla sijastaafu. Wengi wenu mlikuwepo kazini lakini hamkufika mazishini, maana ni kwao kijijini, mbali, na barabara ilikuwa mbaya. Kwa hiyo nawaeleza.

Mnajua kwamba kwenye mazishi mtani ana kazi. Lazima amwigize marehemu, azuie jeneza, aseme maneno ya hovyo mpaka wafiwa wacheke kidogo. Asipofanya hivyo ni kama marehemu hakuwa na mtu nje ya ukoo wake. Na mtani wa Kosmas mwenye kumjua kuliko wote nilikuwa mimi. Nilisafiri nikijipanga. Nitavaa kofia yake aliyoiacha garini. Nitamwambia ameingia ardhini bila kuchimba ngoro. Nilikuwa nayo mengi, yote mazuri.

Tukafika kaburini. Wazee wa ukoo wakaangaza. "Watani wapo? Mmatengo yuko wapi?"

Nilisimama. Watu wakanigeukia, tayari wanatabasamu. Sauti haikuja. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Hata mume wangu nilimlilia stoo, kwenye magunia. Nilisimama tu na ile kofia mkononi. Mjane wake Kosmas akanitazama, nikaona anaanza kuumia kwa ajili ya mumewe, kwamba anashushwa hivihivi, kimya, kama mtu asiye na mtani.

Ndipo bodaboda ikasimama kwenye mikorosho. Akashuka mwanamke mwenye mkoba na chupa ya chai, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimjua kwa mwendo. Gaudensia. Msiba ulikuwa umemfikia huko Maguu. Alipita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwenye jeneza, akapiga ubao kwa vidole, ngo ngo.

"Hodi, Mngoni! Mimi ni Mmatengo wa Maguu, na nimekuja kwa amani."

Wazee wakaguna kwa raha.

"Mtu huyu alikuja kwangu kunihoji," aliwaambia. "Nikamfukuza. Leo ni zamu yangu." Akamwinamia. "Nina maswali machache kuhusu maisha yako. Ushiriki ni wa hiari. Hulipwi ukikubali, hupungukiwi ukikataa. Unaweza kuacha katikati. Unakubali?"

Maneno yote, jinsi alivyosomewa barazani kwake miaka ile. Akatega sikio juu ya ubao. Watu wakasogea.

"Mngoni. Ngoro umejifunza?"

Akatega tena. Kisha akainuka, akapangusa mikono.

"Amenyamaza. Huyu mwenyewe alinifundisha kwamba ukinyamaza tunahesabu ni hapana. Amekataa! Fungeni daftari, mwacheni apumzike."

Kicheko kililipuka kwanza kwa wazee, kikapita kwa vijana wenye kamba, kikamfikia mjane wake. Akacheka huku analia, kanga mdomoni. Wakamshusha Kosmas wakiwa bado wanacheka, na ndivyo inavyotakiwa.

Baadaye Gaudensia alikuja kukaa kwenye mkeka wangu, ubavuni, si mkabala. Akafungua ile chupa ya chai. Ndani hamkuwa na chai, ilikuwa kahawa, aliyokaanga na kutwanga mwenyewe, ya shamba lilelile linaloshuka mpaka kijitoni. Akamimina kikombe kimoja.

"Mama Bosko," alisema. "Umekaa kimya tangu nimefika. Ni hapana?"

"Ni hapana," nikasema.

"Basi shika kikombe."